Mwongozo wa Kutengeneza Kirungu cha Gia cha Mbao kwa Hiace ya Zamani

Karibu kila anayeketi kiti cha mbele katika Hiace yangu na kukiona kirungu cha gia cha mpingo huuliza maswali yale yale: ni mbao gani inayofaa, nati ya ndani inapatikana wapi, inashikwaje isilegee, na je, asiye na mashine ya kukereza anaweza kukitengeneza? Nimeyajibu maswali hayo kwa mdomo mara nyingi. Wengi walioyasikia majibu hayo walirudi baadaye na kipande cha mbao kilichopigwa msasa vizuri sana, lakini chenye nati isiyoingia kwenye mkono wa gia. Kwa sababu hiyo nimeamua kuandika hatua zote kwa mfuatano, nikianza na nati, kwa kuwa nati ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu, na mbao hufuata baadaye.

Mwongozo huu unahusu Toyota Hiace za kizazi cha H100, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, zenye gia za mkono na mkono wa gia unaotoka sakafuni. Ikiwa gia ya gari lako iko kwenye nguzo ya usukani, au ikiwa ni ya otomatiki yenye kitufe cha kubonyeza, usiendelee, kwa kuwa namna ya kufunga kirungu chake ni tofauti kabisa. Mwenye Nissan, Mazda au Volkswagen Kombi anaweza kufuata hatua hizi hizi, mradi apime hesi (meno ya skrubu yaliyokatwa kwenye ncha ya mkono wa gia) ya gari lake mwenyewe kama ninavyoeleza katika hatua ya pili.

Kabla ya kuanza, fahamu kwamba injini ya Hiace hizi iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mkono wa gia hukaa karibu na joto, na mtikisiko wa injini ya dizeli huufikia kirungu wakati wote. Mbao mbichi itapasuka mahali hapo, na nati iliyoshikwa na gundi dhaifu italegea. Karibu maonyo yote yaliyomo humu yanatokana na mambo hayo mawili.

Mahitaji

Andaa kipande cha mbao kikavu chenye upana wa milimita 60 kwa 60 na urefu wa milimita 80. Utahitaji pia nati au bushi ya chuma (kipande kifupi cha mviringo chenye tundu katikati) yenye hesi sahihi, bolti yenye hesi hiyo hiyo na urefu wa milimita 60 au zaidi, na gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole. Kwa upande wa vifaa, tafuta kipimo cha vernia au rula nzuri ya chuma, drili yenye biti bapa ya ukubwa utakaoupima mwenyewe, msumeno, tupa la mbao lenye meno makubwa, tupa laini, jiliwa, pamoja na msasa wa namba 80, 120, 180, 240 na 400. Kwa umaliziaji chukua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, au nta ya nyuki, na vitambaa vya pamba. Barakoa na miwani ya kukinga macho ni lazima. Mashine ya kukereza hurahisisha kazi, lakini si sharti, kwani kirungu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa tupa na msasa peke yake.

Kuchagua mbao

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu mbao zetu zinatofautiana sana na si kila mbao nzuri ya samani inafaa kwa kirungu.

Kwa anayeanza, napendekeza mninga. Hauchezi sana unapokauka au unapopata unyevu, unakatika kwa urahisi, unashika gundi vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu huzidi kupendeza kadiri unavyoshikwa. Karibu kila karakana ya samani ina vipande vya mninga vinavyotupwa au kuwashiwa moto, na kwa kirungu kimoja kipande cha namna hiyo kinatosha.

Mpingo ndio mbao ninayoipenda kuliko zote, lakini usianze nao. Ni mgumu kiasi cha kuchosha tupa, ni mzito hadi unazama majini, na hukauka polepole sana, kwa hiyo kipande kinachoonekana kikavu kwa nje kinaweza kuwa kibichi katikati. Faida yake ni kwamba jasho la mkono haliudhuru. Filimbi za klarineti na oboe hutengenezwa kwa mpingo kwa sababu hiyo hiyo ya kuvumilia unyevu na kubaki katika umbo lake. Ukiuhitaji, waulize wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, wakuuzie masalio yaliyokaa karakanani muda mrefu. Kumbuka kwamba tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ambayo mpingo ni mmoja wake imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo anayetaka kuvusha mbao hiyo mpaka aulizie masharti ya kibali kabla ya kusafiri.

Mtiki unafaa, ila una mafuta ya asili yanayozuia gundi kushika, na nitaeleza namna ya kuyaondoa. Mzeituni wa porini una mistari mizuri kuliko mbao nyingi, lakini hupasuka kwa urahisi usipokauka sawasawa. Msindano usiutumie, kwa kuwa ni laini na utabonyea kwa kucha ndani ya wiki chache.

Mbao yoyote utakayochagua, hakikisha imekauka. Kanuni ya mafundi wengi ni kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Njia rahisi ya kuthibitisha ni mizani ndogo ya jikoni: pima kipande chako, andika uzito, kisha pima tena kila wiki. Uzito ukiendelea kupungua, mbao bado inatoa maji. Ukikaa pale pale kwa wiki tatu mfululizo, unaweza kuanza. Wakati wa kusubiri, paka nta au rangi nzito kwenye ncha mbili za kipande, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kupitia ncha na nyufa huanzia hapo. Usikianike juani wala usikiweke kwenye oveni ili kuharakisha.

Hatua kwa hatua

1. *Ondoa kirungu cha zamani.* Egesha gari mahali tambarare, zima injini, vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi, na gia iwe fri. Zungusha kirungu kinyume cha mwendo wa saa. Kikikataa, kizungushie kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto kwa dakika chache, kisha jaribu tena kwa kukamata mkono wa gia chini yake ili usiusokote. Usikigonge kwa nyundo kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kishindo hicho hupokelewa na viungo vya mkono wa gia na bushi zake za plastiki, ambazo katika gari la umri huu tayari zimechoka. Kirungu cha plastiki kisichotoka kabisa kikatwe kwa msumeno pembeni, kwa uangalifu, hadi kipasuke; mkono wa gia usiguswe.

2. *Pima hesi.* Safisha hesi za mkono wa gia kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Kwa kipimo cha vernia, pima kipenyo cha nje cha hesi. Katika Toyota nyingi za gia za mkono utapata karibu milimita 12. Kisha pima umbali kati ya meno. Jino moja ni dogo mno kupimwa kwa rula, kwa hiyo pima nafasi kumi kwa pamoja, yaani kutoka ncha ya jino la kwanza hadi ncha ya jino la kumi na moja. Ukipata milimita 12.5, hesi yako ni M12 × 1.25 (yaani kipenyo cha milimita 12, na milimita 1.25 kutoka jino hadi jino), na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha Toyota. Ukipata milimita 15, ni 1.5; ukipata milimita 17.5, ni 1.75. Ikiwa hesi zinazoonekana hazifiki kumi, pima nafasi tano na uzidishe kwa mbili. Nissan nyingi hutumia M10 × 1.25. Volkswagen zilibadilisha vipimo kadiri miaka ilivyopita, kwa hiyo mwenye Kombi asitegemee kipimo cha gari la mwenzake.

   Onyo: hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko jingine lolote. Nati ya M12 inayouzwa katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi ni ya M12 × 1.75. Itashika jino moja au mawili kwenye mkono wa gia, kisha itakaza, na ukilazimisha kwa spana utazikata hesi za gari. Nati ya tairi ya Toyota nayo haifai, ingawa kipenyo chake ni kile kile, kwa kuwa yake ni M12 × 1.5. Nati sahihi huingia kwa vidole viwili hadi mwisho bila kutumia nguvu.

3. *Pata nati au bushi.* Kuna njia tatu. Ya kwanza, na ya bei ndogo zaidi, ni kununua kirungu kibovu cha Toyota kwa wauza spea zilizotumika, kwa mfano Shauri Moyo, Ilala, au Kirinyaga Road, Nairobi, kisha kupasua plastiki yake na kutoa chuma kilichomo ndani. Chuma hicho tayari kina hesi sahihi. Ya pili ni kutafuta nati mbili za M12 × 1.25 katika duka la bolti za magari na kuzifunga pamoja juu ya bolti, kwa kuwa nati moja yenye urefu wa takriban milimita 10 ni fupi mno kwa kazi hii. Ya tatu, ambayo ndiyo ninayoitumia siku hizi, ni kumwomba fundi wa karakana ya vyuma achonge bushi kutoka katika kipande cha chuma chenye kipenyo cha milimita 20 na urefu wa milimita 25. Mwambie atoboe tundu la milimita 10.8, akate hesi ya M12 × 1.25, halafu achonge mifereji miwili ya mviringo kwa nje na kusawazisha upande mmoja uwe bapa. Mifereji huzuia bushi kuchomoka, na ubapa huizuia kuzunguka ndani ya mbao. Kwa M10 × 1.25 tundu liwe la milimita 8.8. Peleka bolti ya kujaribia, na uijaribu bushi kabla ya kulipa.

   Usikate hesi moja kwa moja kwenye mbao, hata kama ni mpingo. Itakaa vizuri siku za mwanzo, lakini mtikisiko utaisaga.

4. *Kata na uweke alama.* Kata kipande kiwe na pembe mraba, nyuzi za mbao zikielekea juu na chini, sambamba na mkono wa gia. Nyuzi zikilala mlalo, shingo ya kirungu itavunjika siku utakapoingiza gia kwa nguvu. Chagua ncha isiyo na ufa wala kifundo iwe upande wa chini. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe, na mahali inapokutana ndipo katikati. Patoboe kidogo kwa msumari ili biti isiteleze.

5. *Toboa tundu kabla ya kuchonga umbo.* Wengi huchonga kwanza kwa kuwa ndiyo sehemu inayovutia, kisha hukosa namna ya kukishika kirungu cha mviringo wakati wa kutoboa, na tundu linakwenda mshazari. Funga kipande kwenye jiliwa kikiwa bado mraba. Ukiwa na drili ya mezani, itumie. La sivyo, simamisha pembe mraba (kifaa cha fundi cha kupimia wima) pande mbili za kipande na umwombe mtu akuangalizie wima wa drili kutoka upande ambao wewe huuoni. Kwa bushi ya milimita 20, biti ya milimita 21 inafaa. Kwa nati, pima umbali wa kona hadi kona: nati yenye upana wa milimita 19 bapa hadi bapa ina takriban milimita 22 kona hadi kona, na hiyo ndiyo biti yako. Kina cha tundu kizidi urefu wa chuma kwa milimita 3 au 4. Baada ya hapo, kwa biti ya milimita 13, ongeza kina cha katikati kwa milimita 8 ili ncha ya mkono wa gia ipate nafasi na isije ikasukuma mbao kutoka ndani.

6. *Gundisha chuma.* Kwaruza nje ya nati au bushi kwa tupa hadi ing'ae, kisha ifute kwa thina mpaka kitambaa kisitoke na uchafu. Ikiwa mbao ni mtiki au mpingo, futa ndani ya tundu kwa thina pia na usubiri dakika kumi tu kabla ya kupaka gundi, kwa kuwa mafuta ya mbao hurudi juu yakipewa muda. Paka grisi nyembamba kwenye hesi za bolti, funga chuma juu yake hadi ncha ya bolti itokeze milimita 2, na uzibe ncha hiyo kwa kipande cha selotepu chenye grisi, ili gundi isiingie ndani ya hesi.

   Changanya epoksi kwa vipimo sawa kama mirija inavyoelekeza, uikoroge dakika mbili kamili, uipake ndani ya tundu na kwenye mifereji, kisha sukuma chuma polepole huku ukikizungusha ili hewa itoke. Simamisha bolti iwe wima kwa kuipima na pembe mraba pande mbili. Futa gundi iliyofurika na uache saa 24, hata kama maelezo ya pakiti yanaahidi muda mfupi zaidi.

   Epoksi ya dakika tano nimeiacha. Hulainika mapema, na gari lililofungwa madirisha kwenye jua la saa saba, injini ikiwa bado ya moto, huipa joto la kutosha kuanza kulegea. Anayetaka uhakika zaidi atoboe tundu la milimita 3 kutoka ubavuni hadi lifikie mfereji wa bushi, apige pini ya chuma yenye gundi, na alizibe kwa kijiti cha mbao ile ile.

7. *Chonga umbo.* Acha bolti ikiwa imefungwa ndani, kwa sababu sasa ndiyo mpini wako: ikamate kwenye jiliwa, na kirungu kitakaa wazi pande zote. Kipenyo kati ya milimita 48 na 52 hutosha mikono mingi, na urefu mzima usizidi ule wa kirungu cha awali kwa zaidi ya milimita 10, maana kirungu kirefu hurefusha mkono wa gia na kubadilisha namna unavyoingia.

   Asiye na mashine akate kwanza pembe nne kwa msumeno ili kipande kiwe na pande nane, kisha pande kumi na sita kwa tupa kubwa, na baada ya hapo azungushe tupa kufuata umbo. Kata kigezo cha nusu duara kwenye karatasi ngumu na ukilinganishe kila mara, kwa kuwa jicho huchoka na kukubali lisilo sawa. Shingo ya chini isipungue kipenyo cha milimita 32, ili ukuta wa mbao kuzunguka chuma uwe walau milimita 5.

   Mwenye mashine ya kukereza aikamate bolti kwenye taya za mashine, aanze kwa mzunguko wa polepole hadi kipande kiwe cha mviringo, na asaidie ncha ya juu kwa kituo cha mkia. Usifunge bolti kwenye drili ya mkono na kukichonga kwa patasi; patasi ikinasa, drili itakugeuza mkono. Drili ya mkono inakubalika kwa msasa tu, kwa mwendo wa chini.

8. *Piga msasa.* Anza na namba 80 hadi alama za tupa ziishe, kisha endelea kwa mfuatano bila kuruka namba. Baada ya namba 240, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha mbao ikauke, na uondoe vinyweleo vilivyosimama kwa namba 400. Vaa barakoa muda wote: vumbi la mpingo, la mvule na hata la mninga huwasha pua na ngozi za watu wengi, na wengine huathirika zaidi kila wanapolivuta tena.

9. *Kijaribu garini na uchore gia.* Kabla ya mafuta, funga kirungu kwenye gari, kikaze kwa mkono hadi kisimame, kisha chora kwa penseli mahali palipo mbele. Ukichora mpangilio wa gia ukiwa mezani, karibu hakika utasimama mshazari. Katika Hiace nyingi za gia tano, gia ya 1, 3 na 5 ziko mbele, 2 na 4 nyuma, na rivasi iko nyuma chini ya 5, lakini ingiza kila gia ya gari lako, injini ikiwa imezimwa, na uandike unachokiona. Usiiache alama hii. Siku moja gari litaendeshwa na fundi au dereva asiyelijua, na kutafuta rivasi kwa kubahatisha huku gari likiwa kwenye mteremko ni hatari. Michoro unaweza kuichoma kwa ncha ya waya wa moto au kuichonga kwa kisu chembamba. Kwenye mpingo, mfereji mwembamba uliojazwa epoksi yenye unga wa chokaa husomeka vizuri zaidi.

10. *Paka mafuta.* Paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, acha dakika 15, kisha futa yote yaliyobaki juu. Rudia baada ya siku moja, mara tatu kwa mninga au mzeituni. Mpingo hauhitaji mafuta hayo. Nta ya nyuki na kitambaa kikavu vinatosha. Vanishi nzito sikushauri, kwa sababu mkono huisugua mahali pamoja na jasho huingia chini yake, hadi inabanduka kama ngozi.

    Onyo: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje wala kuvirundika. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje hadi vikauke kabisa, au viloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvitupa.

11. *Funga.* Acha siku tatu baada ya mpako wa mwisho. Weka nati nyembamba ya hesi ile ile kwenye mkono wa gia, funga kirungu hadi mchoro uelekee mbele, kisha rudisha nati hiyo juu na uikaze kwa spana dhidi ya shingo ya kirungu, ukiweka washa katikati ili isikwaruze mbao. Nati hiyo ndogo ndiyo itakayozuia kirungu kuzunguka mtikisiko unapoanza. Ingiza gia zote, pamoja na rivasi, gari likiwa limesimama, na uangalie kama kirungu hakigusi dashibodi wala kiti. Kwa Kombi zenye injini ya kupozwa kwa hewa, rivasi huingia kwa kusukuma mkono wa gia chini kwanza. Hakikisha uzito wa msukumo huo unabebwa na chuma, wala si na gundi.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Kirungu kinazunguka wakati wa safari. Chunguza kwanza kama kinachozunguka ni mbao juu ya chuma, au chuma juu ya mkono wa gia. Ikiwa ni chuma, kaza nati nyembamba ya chini. Ikiwa ni mbao, gundi imeachia: pasha bolti moto kidogo ikiwa imefungwa ndani, chomoa chuma, safisha tundu, na urudie hatua ya 6 ukiongeza pini.

Kirungu kinatoa mlio wa kutetema injini ikiwa taratibu. Mara nyingi hesi ni kipimo sahihi lakini zimelika. Zungusha utepe mweupe wa mafundi bomba mara mbili kwenye hesi za mkono wa gia, kisha funga upya. Mlio ukibaki, shika mkono wa gia wenyewe ukiwa bila kirungu. Ukitetema vile vile, tatizo liko kwenye bushi za chini na ni kazi ya fundi wa giaboksi.

Ufa mwembamba umetokea juu. Kama hauongezeki kwa wiki mbili, ujaze kwa gundi nyepesi ya haraka iliyochanganywa na vumbi la mbao ile ile, upige msasa na upake mafuta. Ufa unaoanzia shingoni na kupanda usiuzibe, kwa kuwa kirungu hicho kitagawanyika mkononi. Chomoa chuma, ukitumie kwenye kipande kingine kikavu zaidi.

Mafuta yananata hata baada ya wiki. Umeacha mengi juu bila kuyafuta, au ulitumia mafuta ya kitani mabichi, ambayo huchukua muda mrefu sana kukauka. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini, acha kirungu mahali penye hewa siku mbili, kisha paka mpako mwembamba na uufute vizuri.

Hesi za mkono wa gia zimeharibika kwa kulazimishwa nati isiyo yake. Usiongeze gundi kufunika kosa hilo. Mpelekee fundi mwenye kifaa cha kukatia hesi za nje cha M12 × 1.25, akipitishe polepole kwa mafuta. Hesi zilizoinama hunyooka, na mara nyingi zinabaki za kutosha kushika bushi ya milimita 25. Ikiwa zimekatika zote, mkono wa gia uliotumika kutoka Hiace nyingine ya kizazi hicho hupatikana kwa wauza spea wale wale waliokuuzia kirungu kibovu, nao ufungwe na fundi wa giaboksi.